Nilifuata Maji Kabla ya Kununua Fleti Tegeta

Friji ya dukani ilikuwa imesimamishwa juu ya matofali. Mistari miwili ya tofali za inchi sita, friji juu yake, na nyuma yake rafu ambazo ubao wa chini kabisa ulianzia usawa wa paja langu. Unga, sukari, sabuni, viberiti, vyote vilikaa juu ya ubao huo. Chini palikuwa patupu, sakafu ya saruji iliyofagiliwa vizuri, basi.

Nilikuwa nimeingia kununua maji ya kunywa. Ilikuwa Jumapili, Oktoba 2023, upande wa Boko, Dar es Salaam, jua la saa sita likiwaka, na dalali alikuwa nje anaongea na simu. Tulikuwa tumetoka kuangalia fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya pili, ambayo mimi na mume wangu tuliipenda hata kabla hatujafika jikoni. Vigae vipya, makabati ya mninga, upepo wa bahari unaingia sebuleni na kutokea chumbani. Kwenye mkoba nilikuwa nimebeba kishika uchumba, hela ya awali ya kuizuia fleti, noti zimefungwa na mpira wa nywele wa binti yangu.

"Mbona bidhaa mmezipandisha hivi?" nikamuuliza kijana wa dukani.

"Hapa huwa tunapisha maji, mama," akasema, huku ananihesabia chenji.

Tunapisha maji. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba saa kumi jioni wanafunga ili kwenda kuswali. Nikatoka nje nikaliangalia tena lile jengo. Ukuta wake mzima ulikuwa rangi ya maziwa, isipokuwa kutoka chini hadi usawa wa kiuno, ambako palipakwa kahawia iliyoiva. Asubuhi niliona ni urembo. Nikasogea, nikapitisha kidole pale rangi mbili zilipokutana. Chini ya kahawia plasta ilikuwa imevimba na kukwaruza, na sehemu moja nyuma ya ngazi, ambako fundi hakufika vizuri, mstari wa tope ulikuwa bado unaonekana, umenyooka kama uliopigwa kwa rula.

Dalali aliponiona nimeinama pale, akacheka. "Mama, wewe unakaa juu. Maji yatakufuata ghorofa ya pili?"

Nilirudi nyumbani na hela zangu, na swali lake nilitembea nalo wiki nzima. Kwa sababu lilikuwa swali la haki. Wengi tunaponunua fleti tunadhani tumeikwepa ardhi. Lakini fleti haikai juu peke yake. Pampu inayopandisha maji iko chini. Tenki la ardhini liko chini, na mfuniko wake uko usawa wa uwanja. Chemba za majitaka ziko chini, hatua chache kutoka kwenye tenki hilo. Mita za umeme za LUKU ziko ukutani chini ya ngazi. Mafuriko yakija, wa juu hulala pakavu kweli, ila akiamka na kufungua bomba, kinachotoka ni maji yaliyokutana na chemba usiku.

Mimi ni muuguzi. Agosti 2015 kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam, kikianzia Kinondoni, nilikuwa zamu. Kilichonikaa moyoni kutoka siku zile ni jinsi wagonjwa walivyokuja. Hawakutoka mji mzima, mmoja huku mmoja kule. Walikuja kwa nyumba na kwa uchochoro: asubuhi mama, jioni jirani yake, alfajiri mtoto wa jirani. Ukiwauliza mnachota wapi maji, jibu lilikuwa moja. Tangu mwaka ule siwezi kuingia nyumba ya mtu bila kujiuliza maji yake yanatoka wapi na yakishatumika yanakwenda wapi. Kwa hiyo tulipoanza upya kutafuta, nikamwambia mume wangu kwamba vigae na makabati aangalie yeye. Mimi nitafuata maji: ya mvua, ya bomba na ya chooni.

Kwa asiyeijua kanda hii: Barabara ya Bagamoyo inakwenda sambamba na bahari. Ukitoka mjini, kulia kwako ni Kawe, Mbezi Beach, Kunduchi, Ununio. Kushoto ardhi inapanda, Salasala, Wazo, Madale, Goba. Mvua ikinyesha kule juu, maji hayana pengine pa kwenda isipokuwa baharini, na kufika huko ni lazima yavuke barabara. Mto Mbezi na Mto Tegeta ndiyo njia kubwa, na kuna vijito na makorongo mengi ambayo kiangazi huwezi hata kuyatambua, maana yamejaa majani na watu wanachezea mpira humo.

Zamani vilima vile vilikuwa mikorosho na mashamba ya mihogo. Tone likidondoka Madale lilizama Madale. Sasa ni mabati, pevingi na lami, na kila nyumba mpya inayojengwa juu inampelekea wa chini maji ambayo mwaka juzi yalikuwa yananyonywa na udongo. Hili ndilo linalofanya ushuhuda wa wazee wetu uwe mgumu kuutumia. Mzee mmoja pale Tegeta, tuliyemwamkia akiwa amekaa kwenye benchi nje ya nyumba yake, alituambia ameishi hapo tangu kabla ya Azimio la Arusha na hajawahi kuona maji yakituama. Namwamini kabisa. Ila alichokuwa anatueleza ni kilima cha mikorosho, na mimi nilikuwa nanunua chini ya kilima cha mabati.

Mto Tegeta wenyewe niliufuata kwa miguu asubuhi mbili, nikiwa na mtoto wa dada yangu. Sikutegemea nilichokiona. Miaka mingi watu wamechimba mchanga humo wa kujengea, na mto uliochimbwa mchanga hutafuta njia mpya kwa kula kingo. Kulikuwa na nyumba moja ambayo nusu ya chumba ilikuwa imeshakwenda. Nusu iliyobaki ilikuwa na ukuta wa bluu, swichi ya taa, na msumari ambao bado ulikuwa umening'iniza kalenda. Sakafu ilikatika kama kipande cha mkate, na chini yake, kimo cha watu wawili, kulikuwa na mchanga mweupe mzuri. Mto wenyewe siku ile ungeuvuka bila kuvua viatu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Watu wengi wanaijua hiyo mita 60 na huipima kutoka ukingo wanaouona leo. Kwenye mto unaotanuka, ukingo wa leo sio utakaokuwepo mkopo wako ukiisha. Yule kijana wa dada yangu akanifungulia kwenye kompyuta picha za setilaiti, akazirudisha nyuma mwaka baada ya mwaka, na nikauona mto ukinenepa. Kuna fleti mbili tulizokuwa tumeziandika kwenye daftari tukazifuta palepale, ingawa kwa siku hiyo zilikuwa mbali na maji kuliko sheria inavyodai.

Majina nayo yanasema. Aliyeuita mtaa Bonde la Mpunga hakuwa anatunga shairi, alikuwa anaona mpunga, na mpunga hauoti pakavu. Hadi leo mvua kubwa zikinyesha Bonde la Mpunga pale Msasani panakumbuka kazi yake ya zamani. Mtoni, Bondeni, Ziwani, Mchikichini: kabla ya kununua mahali penye jina la namna hiyo, mtafute aliyezaliwa hapo akueleze jina lilitoka wapi. Jangwani tu ndiko kunakonitatiza, kwa sababu ndilo bonde la Msimbazi lenyewe, mahali ambapo Desemba 2011 maji yalibomoa nyumba na kuua watu, na baadaye familia zilizokuwa zinakaa mabondeni zikahamishiwa Mabwepande.

Kuuliza ni kazi yenye adabu zake. Mwanzoni nilikuwa nauliza, "Hapa kuna shida ya maji?" na kila mtu ananijibu hakuna shida. Sisi ni watu wa kumkaribisha mgeni, na hakuna anayependa kuusema vibaya mtaa wake mbele ya mtu asiyemjua. Halafu nikagundua kwamba nikitaja tukio ambalo kila mtu analikumbuka, mazungumzo yanabadilika. Sikuuliza tena kama kuna shida. Nikauliza, "Mwezi wa kumi na moja 2022, ule mgao wa maji ya Ruvu, nyie mlifanyaje?" Hapo mtu anakaa vizuri, anavuta pumzi, anaanza kukusimulia. Mama mmoja anayeuza chapati kwenye kona aliniambia alikuwa ananunua dumu la lita 20 kwa bei ambayo chapati mbili haziifikii, na kwamba mkokoteni ulikuwa unakuja saa tisa usiku, ukichelewa kuamka umekosa. Hakuna tangazo la nyumba litakalokuambia hilo.

Upande wa Tegeta na Mbezi Beach, maji ya bomba huja zaidi kutoka Ruvu Chini, wakati wenzetu wa Kimara na Kibaha wanapata ya Ruvu Juu. Mwaka 2022 Mto Ruvu uliposhuka kwa ukame, jiji likaingia kwenye mgao, na visima virefu vya Kigamboni vikawashwa mwezi ule wa Novemba ili kusaidia. Kwa mnunuzi, somo la mwaka ule ni hesabu ya tenki. Jengo la fleti kumi na mbili likiwa na tenki la lita elfu kumi, kila familia ina lita mia nane na kidogo. Familia ya watu watano inayooga, kupika na kufua inazimaliza kwa siku mbili au tatu. Nilikuwa naingia kwenye kila jengo na kuuliza tenki la ardhini lina ujazo gani. Wauzaji watatu hawakujua, na mmoja alidhani hilo simtanki la juu ya paa ndilo lote.

"Tuna kisima," huwa wanaongeza haraka.

Kisima karibu na bahari kinataka kuonjwa. Kwenye fleti moja ya Kunduchi nilimwomba mpangaji aliyekuwa anahama aniruhusu kuona birika lake. Akaniletea huku anatabasamu, ameshajua nataka nini. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe mgumu kama ganda la yai, na alipokuwa ananawa mikono niliona sabuni haitoi povu, inageuka utelezi na vipande. Akaniambia vichwa vya bomba la bafuni hubadilishwa kila mwaka na hita imekufa mara mbili. Chai ya maji yale ina ladha ya machozi. Ni maji, yanasafisha sakafu, lakini anayekuuzia fleti kwa sababu "kisima kipo" na hataki kukupa glasi uonje, mshukuru na uage.

Fleti tuliyokuja kuinunua tuliiona Februari 2024. Jengo la ghorofa tatu, familia kumi na mbili, Tegeta, kwenye mteremko upande wa juu wa barabara. Ile miezi ilikuwa ya mgao wa umeme, Bwawa la Julius Nyerere ndiyo kwanza linaanza kuzalisha, na mimi niliuona mgao ule kama bahati ya mnunuzi. Umeme ukikatika, jengo linakuonyesha mifupa yake. Nilikwenda jioni moja giza limeingia, nikakuta watu wanapanda ngazi na madumu. Pampu haikuwa na jenereta. Lakini nilikuta pia kitu kingine: kijana wa ghorofa ya kwanza alikuwa anabeba madumu mawili, na moja aliliweka mlangoni kwa bibi wa ghorofa ya tatu, akagonga, akaondoka bila kusubiri. Niliandika vyote viwili kwenye daftari. Jenereta mnaweza kuchangishana mkanunua.

Mlinzi wa usiku ndiye aliyenipa taarifa nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, na nashangaa kwa nini wanunuzi wanampita kwa salamu tu. Yeye ndiye anayewafungulia geti watu wa gari la majitaka. Nilimuuliza linakuja mara ngapi. Kwenye jengo hili alisema mara moja baada ya miezi mitano, sita. Kwenye lingine, mtaa wa tatu kutoka hapo, ambalo bei yake ilikuwa nafuu na mume wangu alikuwa analitamani, mlinzi alisema kila baada ya wiki tatu, na masika kila wiki. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam haina bomba kuu la majitaka, kila jengo lina mashimo yake, na shimo linalojaa kila wiki tatu maana yake ardhi imekataa kunyonya: ama ni udongo wa mfinyanzi, ama maji ya chini yako karibu mno. Gharama ya gari lile inaingia kwenye ada ya huduma ya kila mwezi. Na wanaochoka kulipa, mvua ikianza usiku, wanafungulia kwenye mtaro. Nimeona chupa za dripu za kutosha maishani mwangu kujua mwisho wa mtaro huo.

Masika ya 2024 yalikuja na nguvu ya El Niño iliyoanza tangu vuli. Aprili, Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa kwa mafuriko na maporomoko nchini. Kununua nyumba katika mwezi kama ule kunatia aibu, unajiona kama unapekua pekua maisha ya watu walioko matatani. Lakini nilijua kwamba nisipokwenda wakati ule nitanunua kwa kuambiwa. Nikavaa viatu vya mpira, nikaenda mara nne, mara mbili kati ya hizo mvua inanyesha.

Mara ya kwanza nilisimama chini ya kibaraza cha jengo nikaangalia maji yanavyoshuka barabarani. Yalikuwa mengi, mekundu, yanavuta kokoto, ila yalikuwa yanapita. Mtaro wa mbele ulijaa mpaka mdomoni bila kumwagika uani. Nikazunguka nyuma ya jengo, kwenye chemba. Mfuniko ulikuwa mkavu pembezoni, hakuna kinachochuruzika. Nikapanda fleti yenyewe kuangalia dari ya bafuni na kona za madirisha. Alama moja ndogo ya unyevu juu ya dirisha la chumba cha watoto. Nikaipiga picha na kuweka sarafu pembeni yake, niweze kulinganisha nikirudi. Wiki mbili baadaye ilikuwa ile ile.

Tatizo nililikuta mita mia mbili chini, kalavati inapopitisha maji chini ya barabara ya mtaa. Ilikuwa imeziba kwa chupa za plastiki, mifuko na godoro la mtoto. Maji yalipanda juu ya barabara, bajaji zilikuwa zimesimama pande zote mbili, na wanafunzi wa shule ya msingi wanabebwa mgongoni. Kwa saa tatu, mtaa mzima ulikuwa hauna pa kutokea. Nilisimama pale na mwavuli nikabishana na nafsi yangu. Mwishoni niliona kwamba hilo ni tatizo la aina nyingine. Boko maji yalikuwa nyumbani kwao, watu ndio walioyafuata. Hapa maji yalikuwa na njia na sisi tumeiziba.

Mambo mengine nitayapitia kwa haraka. Usafiri niliujaribu kama mfanyakazi, si kama mgeni. Asubuhi tatu nilitoka getini saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikapanda daladala hadi kituo cha Morocco na basi la mwendokasi hadi kituo cha Fire. Ujenzi wa awamu ya nne ya mwendokasi inayokuja Tegeta ulikuwa unaendelea, kwa hiyo vumbi na foleni nilizitarajia, na siku mbaya ilinichukua saa mbili na dakika kumi. Hata huku maji yalinifuata: Msimbazi ukifurika, mwendokasi husimama Jangwani, na inabidi uwe na njia ya pili kichwani, sisi ni kuzungukia Daraja la Salander au la Tanzanite.

Kelele nilizipima kwa namna ya kazi yangu. Nikitoka zamu ya usiku nalala saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, kwa hiyo ukimya wa usiku wa manane wanaousifia madalali haunisaidii. Nilimwomba muuzaji aniachie funguo Jumanne moja nikalala chini kwenye mkeka, chumba kitupu. Nilisikia kengele ya shule, fundi wa kuchomelea mageti ambaye hufanya kazi kwa vipindi, mwadhini wa adhuhuri kwa mbali, na kuku. Sikusikia mashine ya kufyatulia tofali, ambayo ndiyo niliyokuwa naiogopa. Nikalala kweli, mpaka muuzaji akanipigia simu. Jumamosi usiku mume wangu akaenda peke yake kusikiliza baa ya njia panda na akarudi na ripoti kwamba muziki unazimwa kabla ya saa sita.

Upepo nao una misimu yake, watu wa pwani tunajua ila tunasahau tukianza kuongelea nyumba. Uliyekuja wakati wa kaskazi hujui kusi itakuletea nini. Tulikwenda Februari na tukarudi Juni, tukapangusa kioo kilekile kwa kitambaa cheupe. Vumbi lilikuwa jekundu nyakati zote mbili, la barabara ya mtaa isiyo na lami.

Karatasi zilitaka subira kuliko miguu. Fleti inauzwa chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008, na muuzaji wa haki anakuwa na hati ya sehemu yake, si nakala ya hati ya kiwanja kizima yenye jina la mtu mwingine na ahadi kwamba "mtagawiwa baadaye". Tuliacha fleti moja nzuri kwa sababu ya hiyo "baadaye". Wakili wetu akafanya upekuzi rasmi kwa msajili wa hati, kuona kama kuna rehani ya benki au zuio la mahakama, na akadai ridhaa ya maandishi ya mke wa muuzaji, kwa sababu nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja. Serikali ya mtaa nako tulikwenda, tukasalimiana, tukaelezwa ugomvi wa mpaka uliokwisha mwaka fulani. Barua ya mwenyekiti haithibitishi umiliki, lakini mwenyekiti anajua nani anamdai nani, na hilo halimo kwenye hati.

Kisha manispaa, ofisi ya mipango miji, kuona mchoro. Hapa naomba mtu yeyote asiache. Mwaka 2017 nilikuwa na rafiki Kimara wakati nyumba zilipowekewa alama ya X na kubomolewa kupisha barabara ya Morogoro. Watu waliokuwa wamejenga kwa jasho la maisha yote waliishia kuokoa madirisha. Na ndugu zetu wa Kigamboni, mpango wa mji mpya ulipotangazwa mwaka 2008, walikaa miaka bila kuruhusiwa kuendeleza viwanja vyao. Mchoro ndio unaokuambia barabara ya mtaa wako imepangiwa upana gani na kile kiwanja kitupu mbele ya dirisha lako ni cha nini. Chetu kilikuwa eneo la wazi kwenye mchoro, lakini ardhini kulikuwa na msingi wa nyumba umeshaanza. Tuliliuliza. Msingi ule ulikuwa tayari na kesi.

Umoja wa wamiliki wa jengo ulitupa daftari la mikutano tukalisoma jioni nzima. Nilipata humo ambacho hata mlinzi hakuniambia: fleti mbili zina deni la ada ya mwaka mzima, na mara tatu mfululizo hoja ya jenereta imeahirishwa. Nilifurahi kwamba walikuwa wanaandika. Kwenye majengo mengine tulipoomba daftari tuliangaliwa kama watu tunaotafuta ubaya.

Tulisaini Agosti 2024. Siku ile, kabla ya kwenda kwa wakili, nilimwomba mume wangu tupite chini kwenye kalavati. Ilikuwa kavu, kiangazi, godoro bado limo, limekuwa jeusi. Akaniuliza kama nimebadilisha mawazo. Nikamwambia hapana, nataka tu kujua linatolewaje.

Lilitolewa Oktoba, na watu sita, reki mbili na kamba ya kuvutia ndoo kisimani. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huwa ni ya usafi, na mjumbe amekubali kwamba kabla ya kila msimu wa mvua zamu ianze na kalavati. Jenereta bado tunachangishana, tumebakiza fleti tatu. Jumamosi hii ni zamu ya ngazi yetu. Viatu vya mpira nimeviweka mlangoni, na bibi wa ghorofa ya tatu ameshasema uji ni juu yake.